Kipimo cha Tausi

1

Tausi Kunambi alikuwa na miezi minane kaburini siku mkono wake uliporudi kazini, na saluni ya Mji Mpya ikajaa kuliko ilivyojaa siku ya matanga.

Walikuja wenye nywele na wasio na nywele. Mama Dotto wa genge la nyanya, ambaye alikuwa amesukwa jana yake tu, alifumua njiani ili apate sababu ya kukalia kiti. Mabenchi yalijaa, ndoo zikapinduliwa zikawa viti, na waliokosa ndoo walisimama mlangoni wakijipepea kwa makasha ya rasta. Siwema, mwenye saluni, alipita katikati yao akigawa maji kwa jagi, maana ilikuwa zamu ya maji mtaani na hakutaka mtu aseme alikwenda kwa Siwema akarudi na kiu.

Chini ya feni alisimama Yusta. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne kutoka Turiani, mrefu, mwenye haya. Mashine ya kukamulia miwa ilikuwa imemkata mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Sasa kigutu chake kilikuwa ndani ya kikombe laini, na kutoka kwenye kikombe ulitoka mkono wa rangi ya kahawa wenye vidole vyembamba vinavyong'aa kidogo kwenye maungio.

Fundi Konradi wa kituo cha mikono ya bandia ndiye aliyemleta. Akaona watu wamejaa, akaona afadhali aeleze mara moja kuliko kuulizwa na kila kinywa. Alisema msuli ukitaka kufanya kazi hutoa kwanza umeme, mdogo mno, haufiki hata sehemu ya elfu moja ya ule wa betri ya tochi. Vidole vya Yusta havipo, lakini misuli iliyokuwa ikivivuta imebaki kwenye kigutu. Yeye akitaka kukunja kidole, msuli unatoa umeme wake uleule wa zamani. Ndani ya kikombe kuna vibandiko vinane vinavyousikia, na mkono unatii.

Mama Dotto akataka kujua, je, binti akiota anapigana, huo mkono si utamtoa mumewe meno?

"Anauvua akilala, mama," alisema Konradi.

"Aa. Basi bora yeye, sisi wengine hatuna pa kuivulia."

Watu wakacheka. Konradi akasubiri wamalize, kisha akasema lile lililowaleta. Mkono huu ulikuwa wa kufundishia. Katika miezi minne ya mwisho ya uhai wake, figo zikiwa zimeshagoma, Tausi alisuka akiwa amebandikwa vibandiko kutoka kifundoni mpaka kiwikoni. Kila mstari, kila fundo, kila kukaza na kulegeza, umeme wa misuli yake uliandikwa. Sasa uliwekwa humu. Msuli wa Yusta ukinong'ona, umeme wa Tausi unamalizia sentensi. Na ulikuwa humu tu, pengine popote hapana, kwani Tausi alitia saini mwenyewe kwamba asitolewe nakala. Alisema hataki kukutwa kwenye saluni ishirini kama mwanamke asiye na kwao.

Mama Dotto ndiye aliyekaa wa kwanza. Yusta akashika kitana kwa mkono mpya, na mkono ukaenda. Ukachana, ukapiga mstari kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, ukanyoosha. Mkono wa kushoto wa Yusta, ule wa kuzaliwa, ukawa unaufuata kama mtu anayecheza muziki na mwenzake anayejua. Rasta za mgomba zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni. Mkono ukachagua nyuzi, ukachambua, ukaanza kusuka, na makasha ya rasta yakaacha kupepea.

Mstari ulipokwisha, kidole cha shahada kikapita nyuma ya sikio la Mama Dotto, polepole, kuangalia kama ngozi imevutwa sana.

Hakuna aliyekifundisha kidole hicho kufanya hivyo kituoni. Tausi ndivyo alivyokuwa. Kila mstari, kila kichwa, miaka thelathini. Mama Dotto akaanza kulia bila kutikisa kichwa, ili asiharibu kazi. Siwema aliweka jagi chini, akapita uani, akasimama akitazama kamba ya taulo mpaka macho yalipokauka.

2

Kanuni ya kituo ilikuwa nyepesi. Kipimo kinaanzia kumi. Kwenye kumi mwalimu anafanya karibu kila kitu. Kila Ijumaa mlezi anashusha namba moja, na kadiri mwalimu anavyopungua, msuli wa mwanafunzi unalazimika kupaza sauti, mpaka sifuri, ambapo mkono unamsikia mwenye mwili peke yake na mwalimu anafutwa. Kituoni siku ya sifuri walikuwa na desturi ya kupika.

Mlezi alikuwa Siwema. Nani mwingine? Yeye na Tausi walianza na kigoda kimoja kwenye baraza la watu, mmoja akisuka, mwenzake akichambua rasta, wakipokezana kila kichwa. Kituo kilitaka mtu anayejua kazi ya mwalimu kiasi cha kutambua, kwa kutazama tu, hapa ni mwalimu na hapa ni mwanafunzi. Wakampa kishikwambi kinachofunguka kwa dole gumba lake. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuona namba: akiijua huogopa, au hujivuna, na vyote viwili huharibu msuli.

Aliyepanga Ijumaa, lakini, hakuwahi kufanya kazi saluni. Mtu yeyote wa Mji Mpya angemwambia kwamba Ijumaa ndiyo siku ya vichwa: kichenipati jioni, harusi kesho yake, kipaimara Jumapili. Hiyo ndiyo siku ambayo msusi hajaribu kitu kipya hata cha kula.

Ijumaa ya kwanza Siwema alishusha kipimo kikawa tisa. Ya pili, nane. Kazi ilikwenda, ila aliona jambo ambalo wateja hawakuliona. Kile kidole kilianza kusita nyuma ya sikio. Ijumaa ya tatu asubuhi akashusha saba, na kidole hakikwenda kabisa. Mstari ulikwisha, mkono ukahamia mstari mwingine kama vile hakuna kilichosahaulika.

Saa nne akaingia bibi harusi wa ukoo wa Kibena na mashangazi zake watatu. Yusta akapiga mstari wa kwanza, sawa. Wa pili ulianza vizuri, halafu ukapinda juu ya sikio kama njia ya mbuzi mlimani. Bibi harusi akajiona kwenye kioo, midomo ikaanza kucheza. Shangazi mkubwa alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mkaa, kwamba wao waliambiwa hapa anasuka Tausi, hawakuambiwa kuna mtu anajifunzia kwenye kichwa cha mtoto wao.

Yusta alisimama na kitana hewani. Siwema akamwambia asubiri, akachukua kishikwambi, akaenda nacho uani. Alikusudia kurudisha nane. Dole gumba lilikuwa juu ya kioo, na kioo kilikuwa chepesi kuguswa, na alipoangalia kilisema kumi. Angeweza kukishusha tena. Alirudi ndani, akaufumua ule mstari uliopinda kwa kitana chake mwenyewe, akamwambia Yusta aanze tena.

Bibi harusi alitoka na kichwa ambacho watu walikisema wiki nzima. Na nyuma ya sikio lake, kidole kilipita mara kumi na nne. Siwema alizihesabu.

Alijiambia Jumatatu atashusha. Jumatatu saluni hufungwa, kama saluni zote za mji. Jumanne alisahau. Jumatano hakusahau.

3

Mume akifa, mke hukaa eda, watu humletea uji na kumsamehe akiongea peke yake. Mzazi akifa, unapewa siku. Shoga wa miaka thelathini akifa, kesho yake unafungua mlango, mteja anakuuliza rasta namba mbili zipo. Siwema hakuwahi kukaa chini kumlilia Tausi, na sasa hakuwa na haja. Tausi alikuwepo kazini, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Ilifika mahali Jumapili baada ya misa ya pili, mlango umerudishwa, Siwema anajikalisha mwenyewe kwenye kiti. Anamwambia Yusta amsuke twende kilioni, mistari rahisi ya kurudi nyuma, eti ya kufanyia mazoezi. Yusta anasuka huku anahadithia mambo ya Turiani, ya mwanawe aliyebaki kwa bibi yake, ya mwanamume aliyemzalisha na sasa anajidai fundi simu Dumila. Siwema anaitikia mh, mh, macho kayafumba. Anasubiri mstari uishe.

Wateja nao hawakusaidia. Mke wa mchungaji alimwambia Yusta ana kipaji. Mama Dotto alileta watu kutoka Kihonda na Msamvu, akawapanga kwenye benchi kama mwenye shughuli. Umbea ukarudi, ule wa zamani, wa kuanzia asubuhi, nani kaachika na nani kajenga, na wakati mwingine mtu akicheka sana Siwema aligeuka kutafuta macho ya Tausi, akakuta ya Yusta, yakimtazama kwa furaha.

Kwa sababu Yusta alidhani ni yeye. Angejuaje? Kwenye kumi, msuli ukitikisika kidogo tu, mkono unafanya jambo zuri, na mwenye mwili anahisi amelifanya. Alimpigia mama yake simu, akaegemeza simu kwenye kopo la mafuta ili mama aone vidole vinavyokwenda. Mama akapiga kigelegele huko Turiani mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Wiki ya tisa, Yusta alivunja adabu kidogo akauliza. "Shangazi, najua hairuhusiwi. Ila tumefika ngapi?"

Siwema alikuwa anakunja taulo. "Mbili," alisema. "Tunaelekea moja."

"Mbona sioni ugumu?"

"Una kichwa chepesi."

Binti akatabasamu, akainama kuchambua rasta. Kisha akasema kitu kingine, kama cha kuongezea tu. Zamani, hata mkono ukiwa umevuliwa, alikuwa anavihisi vile vidole vilivyokatwa. Viliwasha, viliuma, vilijikunja vyenyewe usiku kucha. Siku hizi kimya. Hata akijaribu kuvikumbuka havimjii.

Konradi alikuwa ameshamweleza Siwema jambo hilo siku ya kwanza. Mwasho ule, alisema, ni misuli inayoongea. Ubongo bado unatuma, msuli bado unajibu. Ukiona binti anaumwa, shukuru. Ukiona kimya, niite siku hiyohiyo.

Siwema akaweka taulo juu ya lundo, akalisawazisha.

"Umepona," alisema.

4

Mtihani wa mwezi wa nne wa mafunzo, ambao kabla yake hakuna anayefikishwa sifuri, ulikuwa Alhamisi. Konradi alikuja na mkoba wake, akasalimu shikamoo ya jumla, akaomba wateja wasubiri nje. Hawakwenda nje. Walisogea ukutani.

Akafungua kishikwambi chake, cha kituo, kisichohitaji dole la mtu. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili inayokwenda kama mawimbi. Mwekundu wa mwalimu, alieleza, na kijani wa mwanafunzi. Akamwambia Yusta asuke kidogo. Yusta akasuka, na mwekundu ukapanda na kushuka, mzuri, mnene. Kijani ulilala chini.

Konradi akasogeza uso karibu. Akagusa kitu, mwekundu ukatoweka.

Mkono ulisimama. Vidole vilibaki nusu vimekunjwa kwenye nywele za mteja, na Yusta akatazama kana kwamba kuna mtu kamshika.

"Kunja kidole cha shahada," alisema Konradi.

"Nakunja."

"Kunja, dada."

"Si nakunja?"

Kijani ulibaki umenyooka. Konradi akamvua mkono, akambandika vibandiko vipya juu ya ngozi ya kigutu, akapaka jeli, akamwambia ajaribu kimoja kimoja, shahada, cha kati, gumba. Shingo ya Yusta ilikaza, jasho likamtoka. Kwenye gumba kijani ulitikisika mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa mbali akainua kichwa na kulala tena.

Konradi hakumtazama Yusta. Alimtazama Siwema. Alikuwa ameshafungua kumbukumbu za kipimo, na namba zilikuwa zimejipanga pale, wiki kwa wiki.

"Mama, hii inasema kumi tangu wiki ya tatu. Labda mashine imekosea?"

Alikuwa anampa mlango. Ndivyo Siwema alivyolikumbuka baadaye: kwamba yule kijana, kwa heshima, alimfungulia mlango wa kutokea, na chumba kizima kilikuwa kinangoja atoke.

"Haijakosea," alisema Siwema.

Konradi ndipo akaeleza, polepole, akiuelekeza uso wake sakafuni. Ubongo hautumi barua mahali ambapo barua inajibiwa kabla haijaandikwa. Msuli usioulizwa unakonda, na njia yake inaota nyasi. Ndiyo maana ya kushusha. Mwalimu anapaswa kukosekana kila wiki kidogo, ili mwanafunzi apate pa kusimama.

Yusta alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kigutu juu ya paja, jeli ikimchuruzika. Aliongea kwa sauti ndogo.

"Siku niliyompigia mama simu, ilikuwa ngapi?"

"Kumi," alisema Siwema.

"Na mke wa mchungaji?"

"Kumi."

"Uliponiambia mbili?"

"Kumi, mwanangu."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nimebeba tu."

Siwema alitaka kusema bibi harusi alikuwa analia, mashangazi walikuwa watatu, ilikuwa Ijumaa. Yote yalikuwa kweli. Akauona tena ule mstari uliopinda juu ya sikio, ile njia ya mbuzi, na akaelewa ulikuwa nini. Katika kichwa kile ndipo mahali pekee Yusta alipowahi kusuka kitu chake mwenyewe, nacho kilikuwa kidogo tu, sentimita tano pengine, na yeye alikifumua kwa kitana. Akaanza kuzihesabu zile Ijumaa zilizofuata. Zilikuwa kumi na tatu, na kila moja aliijua kwa harusi yake.

"Ndiyo," alisema.

5

Konradi aliacha njia mbili. Ya kwanza, mkono ubaki ulivyo, kwenye kumi, daima. Kituo kingeruhusu, kingeandika sababu za kiafya. Yusta angesuka maisha yake yote, vizuri kuliko mtu yeyote wa mkoa ule, na mkono ungekuwa wa Tausi. Ya pili, Tausi afutwe, leo, yote, kwa sababu akiwepo hata kwa namba moja ubongo utamtegea yeye. Yusta aanze na mstari wake wa kijani uliolala. Kwa waliochelewa kiasi hiki, mmoja kati ya watatu huamka, na hata huyo si kwa vidole vyote. Mlezi angetia dole, lakini uamuzi ni wa mwenye mwili. Aliwapa mpaka Jumapili.

Habari hiyo haikuhitaji simu. Ijumaa hiyo walikuja mpaka watu wa Dakawa. Wengine walimwambia Yusta achukue riziki aliyopewa na Mungu. Mmoja alisema kumfuta marehemu ni kumzika mara mbili, na kanisa lingepaswa kuulizwa. Wawili walimvuta Siwema pembeni wakamnong'oneza kwamba dole ni lake, asilitoe. Kabla ya mwezi huo Siwema angewapenda kwa hilo. Sasa aliwaona kama anavyojiona mtu kwenye kioo cha duka, ghafla, akiwa hajajitengeneza.

Mama Dotto alikuja wa mwisho, akakaa karibu na Yusta, akamshika ule mkono wa kahawa kwa mikono yake miwili.

"Sikiliza, binti yangu. Mtu akifa unabaki na picha ukutani. Sisi tumebakiwa na mkono, na bado unatusuka. Unataka tukuombe vipi?"

Yusta akauangalia mkono, ulivyoshikwa.

"Mama, mwanangu ana miaka mitano. Nikibaki na huu tutakula, najua. Lakini nikimkalisha nimsuke, atakuwa anasukwa na mtu asiyemjua. Na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yao."

Mama Dotto akaurudisha mkono wa binti pajani pake, akauweka vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaondoka bila kuaga.

Jumapili alasiri walikuwa watatu: Konradi, Yusta, Siwema. Mlango ulikuwa umerudishwa. Konradi aliweka kishikwambi juu ya meza ya vitana, akaeleza kwamba ni kugusa mara moja na kushikilia mpaka duara lifunge. Siwema akasogea. Kilemba chake kilikuwa kimelegea na chini yake nywele zilikuwa zimeachwa wiki nzima, zikimwasha.

Yusta alimwona akijigusa kichwa.

"Kaa, Shangazi," alisema. Hakusema kwa ukali wala kwa upole. "Nikusuke kwanza. Akuage."

Kiti kilikuwa pale. Dakika ishirini tu, mistari minane ya kurudi nyuma, kidole mara nane. Nani angedhurika? Konradi aligeuka akajifanya anasoma tangazo la mafuta ya nywele. Siwema alihisi kichwa kizima kikiomba, kama mtoto anavyoomba, na akajua kwamba ombi hilo ndilo lile lile la wiki ya tatu, halijabadilika hata nguo.

"Hapana," alisema. "Nimeshasukwa vya kutosha."

Akaweka dole. Duara lilifunga polepole. Miezi minne ya Tausi, akisuka huku anaumwa, akisimulia umbea wa watu huku vibandiko vinamvuta vinyweleo, akisema wakifika sifuri wasisahau kumpikia pilau, ilitoka kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Hakukuwa na sauti. Vidole vya mkono wa Yusta vilinyooka vyote kwa pamoja, vikabaki hivyo.

6

Wiki ya saba baada ya hapo ilikuwa na mvua. Saluni ilikuwa na watu wawili.

Wateja walikuwa wameondoka taratibu, bila ugomvi. Walianza kuwa na udhuru, wakawa na wasusi wengine, wakawa wanasalimia wakiwa upande wa pili wa barabara. Mama Dotto alimtuma mtu alete nyanya, lakini mwenyewe hakuja. Siwema alisuka wachache waliobaki kwa mikono yake, iliyokuwa mizuri ya kutosha na haikuwahi kuwa zaidi ya hapo. Asubuhi, kabla hajaja mtu, alifungua kilemba na kukaa ili Yusta ajifunzie.

Gumba lilikuwa limeamka. Wiki ya pili lilitikisika, ya nne lilikunja. Shahada ilikuja wiki ya sita, ikichelewa, kama redio yenye betri chovu. Vidole vingine vitatu havikujibu, na Konradi alikuwa ameacha kusema havijajibu bado. Usiku, Yusta aliripoti, gumba lilikuwa linamwasha. Siwema aliposikia alienda nyuma ya pazia la kuoshea nywele, akakaa huko muda.

Yusta hakumnunia. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimwamkia shikamoo kila asubuhi, akafagia, akachemsha maji. Ila hakuhadithia tena mambo ya Turiani. Akisuka alinyamaza, na Siwema hakuwa na haki ya kumwomba aseme.

Siku hiyo walikuwa kwenye mstari mmoja tangu saa moja asubuhi. Gumba na shahada zilishika nywele, mkono wa kushoto ukapitisha uzi, zikaponyoka. Zikashika, zikavuta kuliko inavyopasa; machozi yalimtoka Siwema, akakaza meno. Zikaponyoka.

"Nimekuumiza?"

"Ndiyo."

"Nilegeze?"

"Huwezi kulegeza bado. Shika kwanza."

Mlango ukasukumwa. Akaingia mama mmoja mgeni, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, kanga imelowa mpaka magotini. Alisema ametoka Dumila na basi la alfajiri. Dada yake alisukwa hapa mwezi wa sita, kwa ajili ya harusi, na hajanyamaza tangu siku hiyo. Ameambiwa kuna mkono wa marehemu unaosuka. Aliangalia huku na huku, kama mtu anayetafuta chombo.

Siwema alikuwa ameinamisha shingo na hakuweza kugeuka.

"Ulikuwepo," alisema. "Mwenyewe amekufa, dada. Tausi amekufa."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo kwa mtu. Wote walilikuta limeshasemwa.

Mgeni akatoa pole. Akangoja kidogo, kama inavyostahili, halafu akauliza sasa hapa anasuka nani.

Nyuma ya Siwema, kitana kikiwa kati ya meno, Yusta ndiye aliyejibu. "Mimi. Lakini sijajua."

Mama akaja mbele, akatazama kile kilichokuwa kwenye kichwa cha Siwema. Mstari ulitoka kwenye paji la uso, ukayumba, ukafika juu ya sikio, ukaishia hapo, mnene huku, mwembamba kule. Alikitazama kwa adabu. Akasema mvua ikipungua atajaribu kule stendi, akafunga mlango taratibu ili upepo usiubamize.

Walisikiliza viatu vyake vikiondoka kwenye matope.

"Angesubiri," alisema Yusta.

Siwema hakumjibu, maana alikuwa amemdanganya mara za kutosha. Aliinamisha kichwa zaidi, akaweka mikono yake miwili magotini. Baada ya muda mrefu mkono ukamgusa, baridi, kwenye utosi, ukiwa na vidole viwili tu, ukipapasa pa kuanzia.